Kutembea kwa Miguu Mértola, Ureno: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila nirudipo kutoka Mértola na kuwatumia jamaa picha, maswali humiminika: ni wapi huko, jua likoje, mtu asiyekula nguruwe atashiba nini, na ni kweli kanisa lina mihrabu? Majibu nimeyaweka hapa pamoja. Mimi si mwongoza watalii. Ni mtembeaji aliyeupenda mji huu mdogo na vijia vyake, na kila machipuko hurudi.

Mértola ni wapi hasa?

Kusini mashariki mwa Ureno, eneo la Alentejo, wilaya ya Beja, karibu na mpaka wa Hispania. Ni mji mweupe uliojibanza juu ya mwamba, pale kijito cha Oeiras kinapoingia mto Guadiana. Kutoka mji wa Beja ni kama kilomita 50.

Bahari iko mbali, kama kilomita 70 ukifuata mto, lakini maji kujaa na kupwa huonekana mpaka hapa. Ndiyo sababu mji ukazaliwa: chombo kilichotoka baharini kilifika Mértola, kisiweze kwenda mbele zaidi. Shehena ikashushwa, soko likakua. Warumi waliuita Myrtilis, Waarabu wakauita Martula. Hata jina la mto lina historia hiyo: watu wa kale waliuita Anas, Waarabu wakatanguliza neno wadi, na baada ya karne nyingi za ndimi tofauti likatoka Guadiana. Mtu aliyekulia Lamu au Pangani haelezwi sana mji wa namna hii. Akiona ngazi zinazoshuka mtoni na mashua zimelala matopeni maji yakipwa, anaelewa.

Kwa nini huko, na si Sintra au Óbidos?

Sintra na Óbidos, miji maarufu ya watalii Ureno, ni pazuri, na kila mtu anajua hivyo. Mértola unaweza kutembea asubuhi nzima usikutane na mtu ila mchungaji na kondoo wake. Ukitaka msitu wenye kivuli na milima mirefu, usije. Hapa ni nchi ya vilima vya mviringo, mialoni iliyotawanyika, mawe meusi ya matabaka yanayochomoza ardhini kama kurasa za kitabu kilicholowa, na anga kubwa.

Niende mwezi gani?

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote, kwa hiyo nitalijibu kwa urefu.

Nenda kati ya katikati ya Machi na mwanzo wa Mei. Wakati huo vijito bado vina maji, malisho ni kijani, na vilima vimejaa ua la esteva: jeupe, pana kama kiganja cha mtoto, na doa la rangi ya damu ya mzee kwenye kila petali. Majani yake yana utomvu unaonata, na jua likipanda hutoa harufu nzito, kitu kati ya ubani na asali. Utomvu huo hutumika kutengenezea manukato. Ukipita katikati ya esteva nguo zako zitanukia hadi jioni.

Oktoba na Novemba pia ni miezi mizuri, ila msimu wa uwindaji huwa umeanza (soma chini). Desemba hadi Februari baridi si kali sana mchana, lakini mvua zinaponyesha vijito hufurika ghafla na sehemu za kuvuka hufungwa na maji. Mto wenyewe umewahi kufanya makubwa: mafuriko ya Desemba 1876 yalipanda mpaka kwenye nyumba za mji, na wenyeji wanayakumbuka mpaka leo.

Kuanzia Juni hadi katikati ya Septemba, usiende kutembea. Nasema hivyo bila kupunguza makali. Tarehe 1 Agosti 2003, Amareleja, kijiji kilichomo katika wilaya hiyohiyo ya Beja, kilipima zaidi ya nyuzi 47 za Selsiasi. Nyuzi 40 ni jambo la kawaida kila mwaka.

Mimi nimezaliwa Mombasa. Joto litanifanya nini?

Wengi wetu huingia kwenye mtego huo. Joto la pwani ni la unyevu: unatoka jasho, unaliona, shati linalowa, unatafuta maji. Joto la Alentejo ni kavu. Jasho hukauka kabla hujaliona, ngozi inabaki kama ya mtu aliyekaa kivulini, huku mwili unapoteza maji kwa kasi. Mara nyingine hutambui kwa kiu, ila kwa kichwa kuuma na ukali wa maneno.

Mwaka wangu wa kwanza nilitoka mjini saa nne asubuhi, mwisho wa Mei, na lita moja ya maji. Kufika saa saba mchana maji yalikuwa yamekwisha na kijia kilikuwa hakina mti hata mmoja. Mzee mmoja aliyekuwa akirekebisha ukuta wa zizi aliniona navyoyumba. Hakuniuliza ninatoka wapi. Alinikalisha upande wa kivuli, akanipa maji kidogo kidogo kwa kikombe cha bati, akakataa nisimame mpaka saa kumi. Tangu siku hiyo huanza saa moja asubuhi na saa sita niko mezani.

Njia zenyewe ni ngumu?

Kwa miguu, hapana. Nyingi ni barabara za udongo za mashambani na vijia vya wachungaji, zenye kupanda na kushuka kwa upole. Mtu mwenye afya ya kawaida anayeweza kwenda sokoni na kurudi kwa miguu atamaliza kilomita 8 hadi 12 bila taabu. Panapohitaji uangalifu ni miteremko ya kuelekea mtoni, ambako mawe ya tabaka huteleza yakiwa na umande. Fanya hesabu ya kilomita 3 na nusu kwa saa, ukijumlisha kusimama kwa ajili ya ndege na maua.

Alama za rangi kwenye mawe na nguzo zina maana gani?

Ureno nzima hutumia utaratibu mmoja. Mistari miwili, wa njano juu na mwekundu chini, ni njia fupi, inayoandikwa PR. Mweupe na mwekundu ni njia ndefu, GR. GR15, kwa mfano, ni njia ya Guadiana. Mistari ikiwa sambamba, endelea moja kwa moja. Ikiwa na mshale au mkunjo, pinda. Ikiwa imepishana kama alama ya kuzidisha, umekosea: rudi mpaka alama ya mwisho uliyoiona. Ukitembea dakika kumi na tano bila kuona alama yoyote, rudi pia. Pakua ramani kwenye simu kabla ya kutoka mjini, kwa sababu mtandao mabondeni hupotea.

Nianze na njia ipi?

Kama umefika jana usiku, anza karibu. Shuka kutoka mjini, vuka kijito cha Oeiras, panda upande wa pili mpaka karibu na jengo la kale la watawa wa Mtakatifu Fransisko. Ukigeuka utaiona Mértola yote: ngome juu, kanisa jeupe chini yake, nyumba zikiteremka hadi ukutani, na mto. Huku ndiko kulikotolewa picha nyingi za mji. Inua macho: korongo weupe wana viota vyao, na ndege wadogo wa jamii ya kozi, ambao Wareno huwaita francelho, hutaga kwenye matundu ya kuta. Hawa husafiri hadi Afrika kusini mwa Sahara wakati wa baridi na kurudi hapa kila machipuko. Keremkerem nao huja Aprili, wakifanya kelele ileile tunayoijua.

Siku ya pili pandisha mto. Juu ya mji kuna vinu vya maji vya zamani vya kusagia ngano, vingine vimebaki kuta tu. Wareno huviita azenha, neno walilolichukua kwa Waarabu. Tazama vilivyojengwa: vizito, vifupi, na dari la mviringo kama mgongo wa kobe. Wajenzi walijua kwamba kila msimu wa mvua mto utavifunika kabisa, kwa hiyo walivijenga vizame na vitokee tena vizima. Kila baada ya kusaga msimu mmoja msagaji alihamisha kila kitu chake, akauachia mto nyumba. Mimi hukaa hapo nusu saa kila ninapopita, na huondoka kwa kujilazimisha.

Pulo do Lobo panafikika kwa miguu?

Pulo do Lobo, maporomoko ya mto Guadiana, ni kama kilomita 20 kaskazini mwa mji. Kwenda na kurudi kwa siku moja ni kujitesa, ila kama wewe ni mtembeaji wa njia ndefu na una mahali pa kulala. Wengi huenda kwa gari hadi karibu kisha hutembea sehemu ya mwisho. Jina maana yake ni mruko wa mbwa mwitu: mto wote wa Guadiana, mpana kama ulivyo, unabanwa kwenye ufa mwembamba wa mwamba kiasi kwamba, wasemavyo, mbwa mwitu angeweza kuuruka, kisha unaanguka zaidi ya mita 10. Maji yamechimba mfereji ndani ya kitanda cha zamani cha mto, na unaposimama juu unaona vitanda vyote viwili, cha jana na cha leo. Hakuna uzio. Mwamba umelainishwa na maji na unateleza hata ukiwa mkavu. Watoto washikwe mkono, bila mjadala.

Njia ya kufika hupita kwenye mashamba ya watu na kuna mageti. Ukilikuta geti limefungwa, lifunge ukishapita. Ukilikuta wazi, liache wazi. Kondoo na ng'ombe wa mtu hutegemea jambo hilo dogo.

Nimesikia kuna mgodi wa kutisha. Ni kweli?

Mina de São Domingos, upande wa pili wa mto, kuelekea Hispania. Warumi walichimba hapo, kisha kuanzia miaka ya 1850 kampuni ya Kiingereza ya Mason & Barry ikafungua mgodi mkubwa wa shaba na piriti, jiwe lenye chuma na salfa. Ulifungwa mwaka 1966. Kampuni iliondoka, watu wakabaki na shimo.

Shimo hilo limejaa maji mekundu meusi, makali kama asidi. Chini yake, mahali paitwapo Achada do Gamo, kuna magofu ya viwanda vya salfa yaliyosimama kwenye ardhi ya njano, zambarau na rangi ya kutu, ambako hakuoti kitu. Usiguse maji, usiruhusu mtoto wala mbwa ayakaribie. Pana uzuri wa ajabu, na mimi huona vigumu kupiga picha hapo, nikikumbuka safu za nyumba za wachimbaji pale kijijini: chumba kimoja kwa familia nzima, karibu na nyumba kubwa ya wakurugenzi na bustani yake.

Kutoka mgodini mpaka bandari ndogo ya Pomarão kampuni ilijenga reli ya kama kilomita 17 ya kupeleka madini kwenye meli. Reli imeng'olewa, tuta limebaki, na sehemu kubwa yake sasa ni njia ya miguu, yenye mahandaki mafupi. Chukua tochi. Kwa kuwa treni haipendi miinuko, njia hii ni ya tambarare na inawafaa hata wazee, mradi utafute gari la kukurudisha. Pomarão penyewe ni nyumba chache mtoni, na ng'ambo ni Hispania.

Baada ya mgodi, karibu na kijiji kuna bwawa la Tapada Grande, lenye maji safi na ufuo wa kuogelea. Tofauti ya maji hayo na yale mekundu, umbali mfupi tu kati yao, ni kitu cha kukaa nacho rohoni.

Nibebe maji kiasi gani, na naweza kunywa ya njiani?

Machipuko, lita 2 kwa asubuhi moja. Siku ya joto, lita 3, na fupisha njia. Vijijini kuna chemchemi zenye mfereji, ziitwazo fonte. Soma kibao: "água potável" ni maji ya kunywa, "água não controlada" maana yake hayapimwi, na "imprópria" usiyaguse kwa mdomo. Kama hakuna kibao, muulize mwenyeji. Maji ya vijito usinywe; kondoo wako juu yako.

Nivae nini?

Viatu vilivyofungwa vyenye soli ya kushika mwamba, suruali ndefu nyepesi kwa sababu ya miiba na kupe, shati la mikono mirefu. Na shumburere. Neno hilo la wazee wetu lilitoka kwa Wareno, kwa kofia yao ya kutia kivuli, na ukiwa Alentejo utaelewa kwa nini walihitaji kulibeba mpaka Afrika Mashariki. Akina mama, leso ni kifaa bora kuliko vyote vya dukani: ilowanishe kwenye fonte, ijifunge kichwani na shingoni. Nayo jina lake ni la Kireno.

Wanyama wakali? Nyoka? Mbwa?

Nyoka wapo, wenye sumu ni wachache na hukimbia wakisikia mguu. Nguruwe mwitu hutembea usiku. Kinachohitaji akili ni mbwa wa kulinda kondoo. Ni wakubwa, na wanaifanya kazi yao. Ukiona kundi la kondoo mbele, usipite katikati. Zunguka kwa mbali, usikimbie, usirushe jiwe, ongea kwa sauti ya kawaida ili mchungaji akusikie.

Kupe jikague kila jioni, nyuma ya magoti na kwapani. Ukipata homa na vipele siku chache baada ya kurudi, mwambie daktari ulikuwa mashambani Ureno, maana kuna homa ya kupe huko na inatibika vizuri ikijulikana mapema.

Na wawindaji?

Mértola hujiita mji mkuu wa kitaifa wa uwindaji, na si kwa mzaha: kware, sungura na nguruwe mwitu ni uchumi wa hapa. Msimu mkubwa ni Oktoba hadi Februari. Siku za kawaida za kuwinda Ureno ni Alhamisi, Jumapili na sikukuu, ingawa mashamba ya uwindaji wa kitalii yanaweza kuwa na siku nyingine. Kwa hiyo msimu huo tembea siku nyingine, vaa rangi kali, usitoke kwenye njia iliyowekwa alama, na uliza ulikolala kama kuna msako uliopangwa. Vibao vyekundu na vyeupe kwenye uzio huonyesha mipaka ya maeneo ya uwindaji. Havikukatazi kupita njia ya umma.

Nitamwona lince?

Labda nyayo zake. Lince wa Iberia ni paka mwitu mwenye ndevu za mashavuni na vishungi vyeusi masikioni. Ukimwona kwa mbali utadhani simbamangu wetu amepakwa madoa. Anakula sungura karibu peke yake, na sungura walipokufa kwa magonjwa naye akaelekea kuisha. Mwaka 2002 walibaki chini ya 100 duniani kote. Ureno ilichagua bonde la Guadiana kuwarudisha, na tangu mwisho wa 2014 wamekuwa wakiachiwa hapa, karibu na Mértola. Leo Hispania na Ureno kwa pamoja zina zaidi ya 2,000. Wawindaji na wenye mashamba walikubali kuishi naye, na bila wao asingepona.

Hifadhi ya Bonde la Guadiana, iliyoanzishwa mwaka 1995, ina ukubwa wa karibu hektari 70,000. Endesha polepole usiku: gari linaua lince kuliko bunduki.

Ni kweli kanisa kuu lilikuwa msikiti?

Ni kweli, na hata kama unakuja kwa ajili ya kutembea tu, ingia. Msikiti ulijengwa karne ya 12 wakati wa Almohadi, watawala Waislamu waliotoka Morocco. Mwaka 1238 mashujaa wa Shirika la Santiago, shirika la Kikristo la wapiganaji, waliuteka mji, na msikiti ukafanywa kanisa bila kubomolewa. Karne ya 16 wakabadilisha dari, wakaweka kuba za mawe. Lakini nguzo zimesimama katika safu zilezile, milango kadhaa ina tao la kwato ya farasi, na nyuma ya madhabahu, mihrabu ipo. Ina mapambo ya lipu ya matao madogo, yamechakaa, na inatazama Makka.

Mara ya kwanza nilisimama hapo nikasahau kuvua begi. Nimekulia mji wa pwani wenye misikiti ya matumbawe na mihrabu za namna hiyo, na Mreno kwetu tulifundishwa kama mtu wa mizinga na ngome. Neno gereza lenyewe wengi hulitoa kwenye igreja, kanisa la Kireno ndani ya ngome. Na hapa, kijijini kwake, kanisa lake limehifadhi mihrabu karne nane. Si jambo la kulifanyia hotuba. Nilikaa tu kwenye benchi.

Kanisa linatumika, basi heshimu saa za misa na usiswali humo. Tafuta mahali pako pengine. Kibla kutoka Mértola ni karibu mashariki kabisa, ikikata kidogo kusini.

Mji huu pia ulikuwa na Ibn Qasi, kiongozi wa kisufi ambaye mwaka 1144 wafuasi wake, waliojiita muridi, waliiteka ngome na kuwaasi Almoravidi, watawala Waislamu waliowatangulia Almohadi. Sanamu yake juu ya farasi iko karibu na ngome. Mambo haya yasingejulikana hivi bila wanaakiolojia walioanza kuchimba hapa mwaka 1978 wakiongozwa na mwanahistoria Cláudio Torres. Jumba la sanaa ya Kiislamu lina vyombo vya udongo walivyovitoa ardhini. Tenga saa moja. Tangu 2001 kuna tamasha la Kiislamu kila baada ya miaka miwili, kwa kawaida Mei, vichochoro vikigeuka soko. Siku hizo vyumba hujaa mapema sana.

Kwa nini napita nyumba nyingi zisizo na watu?

Mwaka 1950 manispaa ya Mértola ilikuwa na watu zaidi ya 29,000. Sensa ya 2021 ilikuta karibu 6,200, kwenye eneo la karibu kilomita za mraba 1,290. Mgodi ni sababu moja. Nyingine iko chini ya viatu vyako. Kuanzia 1929 serikali ilianzisha kampeni ya ngano, ikitaka Alentejo iilishe nchi yote. Vilima hivi vyenye udongo wa kina cha kiganja vililimwa mpaka kileleni. Mvua ikauchukua udongo, mwamba ukabaki, na wakulima wasio na ardhi wakaenda Lisbon, Ufaransa, Ujerumani. Esteva unayoinusa leo ndiyo iliyovamia mashamba hayo yaliyochoka. Watu wengi huiona kama ua la porini la tangu na tangu. Mimi tangu nielezwe hivyo siioni tena vile.

Ukikuta nyumba imeachwa, usiingie. Paa ni bovu, na mwenyewe yumo hai mahali fulani.

Nitakula nini nikiwa Mwislamu?

Jiandae, kwani nguruwe yumo hata pale usipomtegemea: mafuta yake hutiwa kwenye mboga, soseji kwenye supu. Sema wazi "sem porco, sem banha", bila nguruwe na bila mafuta yake. Nyama iliyochinjwa kwa taratibu zetu usiitarajie hapa. Lakini samaki wapo, jibini ya kondoo ni ya sifa, asali, zeituni, mkate wa Alentejo wenye ganda gumu, na açorda: mkate uliokatwa, kitunguu saumu kilichopondwa na kotimiri au mnanaa mwitu wa kando ya mto, mafuta ya zeituni, maji ya moto, na yai juu. Ni chakula cha maskini, na baada ya kilomita 12 hakuna kinachokipita. Uliza kama maji yaliyotumika ni maji matupu au ni mchuzi wa nyama.

Nisipojua Kireno?

Vijana wengi mjini hujua Kiingereza. Wazee vijijini hapana. "Bom dia" mpaka adhuhuri, "boa tarde" baada yake, na usipite mtu bila salamu. Hapo sisi tuko nyumbani. Mzee mwanamume mwite "senhor", mama "senhora". Maneno mengine yatakufikia yenyewe: mesa ni meza, bandeira ni bendera, açúcar ni sukari. Mtu akisema "oxalá", anatumaini, na ndani yake limo jina la Mungu kwa Kiarabu.

Nafikaje?

Treni huishia Beja. Mabasi ya kufika Mértola yapo lakini ni machache kwa siku, basi hakikisha la kurudi kabla ya kupanda la kwenda. Wakiwa watu watatu au wanne, gari la kukodi hufungua vijiji vyote. Wenye pasipoti za Kenya, Tanzania au Uganda wanahitaji viza ya Schengen. Ukiwa na kibali cha kuishi nchi yoyote ya Schengen, kinatosha.

Simu yangu ilibadilisha saa yenyewe. Kwa nini?

Kando ya mpaka simu hudaka mtandao wa Hispania, ambako saa iko mbele kwa saa moja. Jamaa zangu wawili wameamka saa kumi na mbili wakidhani ni saa moja. Zima mabadiliko ya saa ya kujiendesha, hasa Pomarão, na hasa siku ya basi.

Mwanamke peke yake?

Dada zangu kadhaa wamefanya hivyo bila shida, na wanasema usumbufu mkubwa ulikuwa kujibu maswali ya kina mama waliotaka kujua kwa nini hakuja na mtu. Hatari ya kweli ni kuteguka mguu mahali pasipo mtandao. Acha ujumbe ulikolala: njia gani, saa ngapi unarudi. Namba ya dharura ni 112, na hufanya kazi kupitia mtandao wowote uliopo, hata wa Hispania.

Nina siku moja tu. Nifanye nini?

Lala mjini usiku uliotangulia. Saa moja asubuhi pandisha mto mpaka kwenye vinu, kaa, rudi kabla jua halijawa kali. Saa sita kula açorda. Mchana, wakati kila mtu amefunga madirisha, ingia jumba la sanaa ya Kiislamu halafu kanisani, ambako kuta nene huweka ubaridi. Saa kumi na moja panda ngomeni kwenye mnara uliokamilika mwaka 1292, kisha shuka kijitoni na uvuke mpaka upande wa watawa. Fika kabla ya magharibi. Kozi wale wadogo hurudi viotani wakati huo, na mji mzima hubadilika rangi mara tatu kabla taa hazijawashwa.